Kusoma vitabu vya Albert Beveridge: tuanzie juzuu la 3

Wanakikundi habari zenu. Mwezi huu ni zamu ya Beveridge, seneta wa jimbo la Indiana, Marekani, kuanzia 1899 hadi 1911. Maisha ya John Marshall, Jaji Mkuu wa Marekani, aliyaandika katika majuzuu manne: mawili ya kwanza yalitoka 1916, mengine 1919, na 1920 yakapata tuzo ya Pulitzer.

Tafadhali msianze na la 1. Mjadala wa jimbo la Virginia wa 1788 kuhusu kuikubali katiba ya Marekani umejaa humo hotuba kwa hotuba, na wengi huishia hapo. Fungueni la 3, lenye kesi ya Marbury ya 1803, iliyoipa mahakama uwezo wa kubatilisha sheria inayokiuka katiba, na ya uhaini ya 1807 dhidi ya Aaron Burr, aliyekuwa makamu wa rais. Hapo ndipo kalamu yake inapowaka kweli. Halafu la 4, mtakutana na kesi ya McCulloch ya 1819, kuhusu benki ya taifa na mamlaka ya majimbo. Mawili ya mwanzo yatafuata.

Tanbihi msiziruke, barua nyingi zimo humo. Ila mkipakua nakala ya maandishi matupu, tanbihi huweza kujipenyeza katikati ya aya, sentensi ikakatika. Chukueni ile yenye picha za kurasa. Ni bure, hakimiliki imekwisha.

Jambo moja la kuangalia sana: Beveridge anampenda Marshall na kumwonea Rais Thomas Jefferson, mpinzani wa Marshall. Kila anapomshutumu Jefferson, someni barua ya Jefferson yenyewe kabla ya kukubali.

Kitabu chake cha Lincoln tukiache kwanza. Alifariki 1927 akiwa amefika 1858 tu, kwa hiyo urais haumo.