Mashine ya vumbi ijiwashe yenyewe, fundi hatainuka

Mhariri salaam,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee vumbi la mbao, manake kuna mwenzetu aliandika humu anataka karakana za useremala za majumbani zifungwe zote, mara nguo za kuanika zinachafuka mara watoto wanakohoa. Mimi ni seremala wa uani hapa Makorora na simbishii kwenye vumbi, vumbi lipo kweli, ila kufunga siyo dawa. Mtiki wa shamba la miti la Longuza uko hapo Muheza tu, mtu ana msumeno wa meza na randa ya umeme chini ya bati nyuma ya nyumba na ndo anasomeshea watoto, leo ukimfungia unataka aende wapi?

Tena mwenzetu kaongea kidogo, hali ni mbaya kuliko alivyosema. Hao IARC, wale wa utafiti wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1995 waliliweka vumbi la mbao kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na vile vijumba vya hewa vilivyoizunguka. Mvule nao kila seremala anaujua unavyowasha ngozi, na kuna watu unawaletea pumu kabisa. Na hatari siyo maranda, maranda yanaanguka chini unafagia anakuja mfuga kuku anabeba. Hatari ni ule unga wa chini ya maikroni 10, maikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu, wakati unywele wako una kama maikroni 70 hivi, ule huuoni na unaelea hewani masaa kadhaa baada ya kuzima mashine, we umekaa hapohapo unakunywa chai. Kitambaa cha kufunga puani hakiuzuii.

Sasa watu wakisikia hivi wanasema nunua mashine ya kunyonya vumbi. Sawa, lakini wapo wengi tu wanazo na hawaziwashi! Fundi anakata kipande cha sekunde mbili, swichi ya kinyonyaji iko ukuta wa pili nyuma ya mbao zilizoegemezwa, nani atazunguka huko? Ukisema aiache inaunguruma kutwa, mota ya hosipawa 2 ni kama kilowati moja na nusu, masaa 8 ni uniti kama 12, na luku ya nyumbani ndo hiyohiyo ya friji na taa, mama watoto atakuuliza. Na hiyo kelele nayo jirani ataiandikia barua yake.

Kwa hiyo ninachosema mimi ni kimoja, kinyonyaji kijiwashe chenyewe msumeno ukiwaka na kijizime chenyewe. Siyo mambo ya viwandani haya. Kuna sensa ya mkondo, ni kiduara unapitisha waya wa msumeno katikati yake, msumeno ukianza kuvuta umeme sensa inajua, inaamsha rilei, yaani kiswichi kidogo kinachowashwa na umeme, rilei inavuta kontakta, ile swichi kubwa inayoweza kubeba mota, na kontakta inawasha kinyonyaji. Upitishe laivu peke yake, ule waya unaoleta umeme, ukipitisha na nyutro, ule wa kurudisha, humohumo haitaona kitu kwa sababu mkondo unaoenda na unaorudi unafutana, na hapo ndo mafundi wengi wanasema sensa mbovu kumbe nzima. Afu tafadhali zile rilei ndogo za bluu zilizoandikwa ampia 10 zisibebeshwe mota moja kwa moja, mota inapoanza huvuta hata mara 5 mpaka 7 ya mkondo wake wa kawaida, itaungua siku si nyingi. Kwa sababu hiyohiyo weka taima kinyonyaji kichelewe sekunde moja au mbili nyuma ya msumeno, la sivyo vyote vinaanza pamoja na breka inaruka. Na msumeno ukizimwa kiendelee kama sekunde 10 ili kilichobaki kwenye bomba kiishie kwenye pipa. Hili la mwisho watu wanalidharau, afu wanashangaa bomba limeziba kwenye kona.

Vijana wa vyuo watakuambia uweke na milango ya bomba la kila mashine inayojifungua kwa vimota vya sevo na Arduino, kile kikompyuta kidogo cha kuviongoza. Mazuri hayo, ila kwa mtu mmoja mwenye mashine mbili tatu naona ni urembo, vuta mlango kwa mkono basi. Hela hiyo bora uiweke kwenye mfuko wa chujio, manake ile mifuko ya kitambaa chepesi inashika maranda tu afu ule unga mbaya inakurudishia chumbani, hapo umejitengenezea mashine ya kujipulizia vumbi tena ya otomatiki. Wale wanaoweka feni dirishani inasukuma vumbi kwa jirani, hao mwandishi wa ile barua ana haki ya kuwasema.

Ombi langu liende chuo cha ufundi cha VETA hapa Tanga, wanafundisha useremala na umeme palepale, wawakutanishe wanafunzi wa fani zote mbili wafunge mfumo mmoja kwenye karakana yao na sisi wa mitaani turuhusiwe kwenda kuangalia jinsi ulivyofungwa. Na mwenzetu aliyeandika, kabla hajaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, amkatie seremala wake ukurasa huu ampelekee, kontakta na sensa siyo vitu vya kumshinda kununua.

Wako,
Seremala wa uani,
Makorora, Tanga