Picha ya skrini haitoshi kuomba msaada wa R

Mhariri,

Wanafunzi wengi, kuanzia Makerere hadi Gulu, wakikwama kwenye grafu za tasnifu katika R, programu ya takwimu, hutuma picha ya skrini na neno moja: "imekataa". Kwa hilo hakuna awezaye kuwasaidia, maana anayesaidia anahitaji msimbo na data aviendeshe mwenyewe.

Kwanza endesha str(data) usome aina ya kila safu, kama ni namba au maandishi. Mavuno ya kahawa yaliyoandikwa "1,250" husomwa na R kama maandishi kwa sababu ya ile koma. Ndipo mean(), amri ya wastani, hurudisha NA, yaani thamani isiyopo, na ggplot2, kifurushi cha kuchora grafu, huchora kila thamani kama kundi lake, mhimili ukajaa lebo zisizosomeka. Dawa ni as.numeric(gsub(",", "", data$mavuno)), inayofuta koma kisha kugeuza maandishi kuwa namba. Ukitumia as.numeric() peke yake, kila namba yenye koma inageuka NA kwa onyo tu. Ukiongeza na.rm = TRUE, inayoziacha NA nje ya hesabu, wanabaki wakulima wa chini ya kilo 1,000, na wastani unashuka bila wewe kujua. Kosa hili ni la hatari kwa sababu grafu inatoka safi kabisa!

Ukishindwa bado, nakili matokeo ya dput(head(data, 20)), yaani mistari 20 ya kwanza ya data katika umbo ambalo mwingine anaweza kuiendesha, pamoja na msimbo mfupi unaoleta kosa, ujumbe wote wa kosa na matokeo ya sessionInfo(), yanayoonyesha matoleo ya R na vifurushi vyako. Kabla ya kutuma, futa majina na namba za simu za wahojiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawalinda.

Wahadhiri, tafadhali fundisheni haya kabla wanafunzi hawajaenda kukusanya data.

Mkufunzi wa takwimu,
Kampala