Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi katika Hafla ya Kukaribisha Kiangazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanafunzi wote, tunakukaribisha kwa furaha katika hafla hii ya kuupokea msimu wa kiangazi, na tunakushukuru kwa dhati kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kiangazi hiki hatukukingojea kwa kutazama kalenda tu. Mwezi Machi, usiku na mchana ulipokaribia kulingana, tulisimika uwanjani kijiti cha mita 1, na kila wiki jua lilipofika juu kabisa tukaweka kokoto penye ncha ya kivuli chake. Kokoto hizo bado zipo, zimejipanga kukielekea kijiti, na mbili za mwisho zimekaribiana hata zinagusana. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba joto la msimu huu haliletwi na dunia kulisogelea jua, maana mwanzoni mwa Julai dunia huwa mbali nalo kuliko wakati wowote wa mwaka, takriban kilomita milioni 152, bali huletwa na mhimili wa dunia ulioinama kwa nyuzi 23.5 hivi, ambao wakati huu hutuelekeza sisi wa nusu ya kaskazini ya dunia kwenye jua, likatupigia wima zaidi na kwa saa nyingi zaidi.

Pamoja na furaha hiyo, lipo jambo linalotukaa moyoni. Likizo ya kiangazi ni ndefu, na wadogo zetu waliojua kusoma mwaka huu bado wanafuata mstari kwa kidole. Wakikaa wiki nyingi bila kitabu, wengine hurudi darasani wakianza tena kuunganisha silabi. Wapo miongoni mwao ambao hawana kitabu kingine ila cha maktaba ya shule, na maktaba hiyo hufungwa siku ile ile tunapofunga shule.

Kwa hiyo tunakuomba, Mheshimiwa, utusemee mbele ya bodi ya shule ili maktaba ifunguliwe asubuhi mbili kila wiki, kabla jua halijawa kali. Wanafunzi wa madarasa ya juu tumekwisha kujiandikisha kwa zamu za kuwasomesha wadogo, na walimu wawili wamejitolea kutusimamia. Kilichobaki ni idhini na ufunguo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.