Mtoto hana eda

Leicester, Jumapili usiku

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji na watoto. Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi, baridi tu ndiyo imeanza kushika. Nimeamua kuandika badala ya kukutumia sauti, maana sauti unazisikiliza watu wamejaa barazani, na hili si la barazani. Isome ukiwa peke yako. Ukichoka iweke, utaiendeleza kesho.

Mpwa wangu ameniambia. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Ameniambia kwamba tangu Mama aondoke, huu mwezi wa kumi na moja, bado unaamka saa kumi alfajiri kukoroga uji wake, unauweka kwenye bakuli lake la bluu, na ukishapoa unaumwaga. Chumba chake umekitia kufuli na ufunguo umeufunga pembeni ya khanga. Chapati umeacha kuuza. Harusi ya mtoto wa Mama Mdogo hukwenda. Na usiku unakaa kitandani umeegemea ukuta mpaka adhana.

Dada, sikulaumu. Nataka nikueleze yaliyonipata mimi, ambayo huko nyumbani hakuna mtu anayeyajua.

Mama alifariki alfajiri na alasiri akawa ameshazikwa. Ndivyo dini yetu inavyotaka, na hata ningekuwa na mabawa nisingewahi. Niliona kwenye simu jeneza likitoka uani, wanaume wanapokezana, na walipofika makaburini mtandao ukakata. Mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee. Nafasi yangu ilikuwa mle kaburini, nimpokee, nimlaze mwanandani, nifungue vifundo vya sanda, nimwelekeze kibla. Akaingia binamu yetu. Mwenyezi Mungu amlipe kheri, lakini ilikuwa nafasi yangu. Mimi nikanawa uso nikaenda kazini zamu ya usiku. Kila aliyenipigia aliniambia jikaze, wewe mwanaume. Nikajikaza miezi mitatu.

Siku moja pale kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nilikuwa namlisha bibi mmoja uji. Akafungua mdomo kama anavyofungua Mama. Kijiko kikaanza kutetemeka, nikashindwa kukifikisha. Yule bibi akanishika mkono, yeye ambaye hata jina lake hulisahau. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, kifua kimebana hadi nikadhani ni moyo.

Daktari alipima moyo akakuta hauna shida. Akanipa fomu ya maswali tisa: unalala vipi, unakula vipi, umepoteza hamu ya mambo, umewahi kuwaza kwamba bora ungekufa. Kila swali unajipa alama, sifuri hadi tatu. Nilipojumlisha niliogopa. Akaniambia nahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kumpata mtu wa namna hiyo ni kazi. Huduma ya serikali ipo, haina malipo, unaweza hata kujiandikisha mwenyewe, ila kuna foleni. Nikakosa subira, nikamlipa mtu binafsi, pauni 55 kwa dakika 50. Alikuwa mpole. Lakini kila wiki nilikuwa namfundisha: arobaini ni nini, hitima ni nini, kwa nini mwanangu ninamwita Baba. Nikimaliza kueleza, muda umekwisha, na huzuni yangu naibeba vile vile hadi kituo cha basi. Halafu lugha, Dada. Waingereza wakitaka kukupa pole hutumia neno lile lile wanaloombea radhi mtu wakimkanyaga mguu. Hawana neno kama pole yetu. Nilikaa pale nikihisi kiu ya neno hilo moja. Baada ya mara nne nikaacha, nikajiona nimeshindwa hata kutibiwa.

Baadaye ndipo nikajua jambo ambalo ningelijua kabla: hapa Uingereza sheria haimkatazi mtu yeyote kujiita mshauri nasaha. Wewe ndiye unayepaswa kuangalia kama jina lake limo kwenye orodha ya chama cha wataalamu, kama kile wanachokiita BACP, na kumuuliza amesomea nini na nani anamsimamia. Nami kumbe nina haki ya kusema huyu si wangu, nikatafuta mwingine. Kwani fundi akikukosea gauni hushoni tena maisha yako yote?

Wa pili nilimpata kupitia shirika la waliofiwa liitwalo Cruse. Lilianzishwa 1959 kwa ajili ya wajane, na jina lake, ambalo maana yake ni chupa, limetoka kwenye kile kisa cha Biblia cha mjane ambaye chupa yake ya mafuta haikukauka wakati wa njaa. Wanaokusikiliza wamefunzwa na wanajitolea. Wangu ni mama mtu mzima. Siku ya kwanza sikutaka kuanza tena somo la mila, nikanyamaza. Akaniuliza: kama ungekuwepo siku ile, mikono yako ingefanya nini?

Dada, nilizungumza muda wote uliobaki. Nilimwonyesha kwa mikono namna ya kumpokea maiti, wapi unaweka kiganja, namna shavu linavyogusa udongo. Nililia mbele ya mwanamke wa Kizungu nisiyemjua kama sijawahi kulia tangu nikiwa mtoto pale Tandika. Hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia Mungu ana mipango yake. Alisubiri. Usiku ule nililala saa saba mfululizo.

Siku nyingine nilimuuliza niko ngazi ya ngapi, maana nilisoma kwamba huzuni ina ngazi tano. Akaniambia ngazi hizo zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakufa wenyewe, miaka ya sitini, na waliofiwa hawapandi ngazi yoyote kwa mpangilio. Akanieleza walichokiandika watafiti wawili wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1999: kwamba mfiwa huenda na kurudi. Saa hii anazama kwenye kumlilia marehemu, saa nyingine anashughulika na kodi na ada ya shule, na vyote viwili ni sehemu ya kupona. Nikawaza Kivukoni, maji yanavyojaa na kupwa. Shida ni pale maji yanapojaa yasipwe tena.

Na hili ndilo linalonitia hofu juu yako. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya maradhi inayotumika tangu 2022, limeitambua hali hiyo: mtu kumtamani na kumuwaza marehemu kutwa kucha, kwa zaidi ya miezi sita na kupita desturi za watu wake, mpaka kazi na maisha vikwame. Mimi si daktari, siwezi kusema ndicho ulicho nacho. Nasema tu kwamba jambo hili lina jina na lina matibabu, na matibabu yenyewe kwa sehemu kubwa ni kuzungumza na anayejua kusikiliza.

Najua utasema umepata watu. Ni kweli, siku zile tatu turubai lilijaa, mikeka haikutosha, masufuria ya wali hayakushuka motoni, na watani wetu walifanya vituko hadi Shangazi akacheka na machozi yake. Hakuna mshauri duniani anayeweza kufanya waliyoyafanya wale watani. Huku nilikaa na msiba peke yangu nikayalilia hayo. Lakini turubai liliondoka. Arobaini ikasomwa, watu wakarudi kwenye shughuli zao, nawe siku ya nne ulishawasha jiko kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri. Mjane ana eda, miezi minne na siku kumi, kila mtu anajua amekaa na anamwachia akae. Mtoto aliyefiwa na mama hana eda. Wewe uliyemlisha, ukamgeuza kitandani, ukamwogesha mwaka mzima, ulipewa siku tatu.

Usikubali pia kuambiwa kwamba kulia ni kukosa subira. Mtume wetu alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho latoa machozi na moyo wahuzunika. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na Qurani haikumwita mpungufu wa imani. Dua endelea nazo. Ila akija mtu kukuambia roho ya Mama imekushika, na kwamba umlipe yeye fedha ili aitoe, mfungie mlango.

Wala usidhani haya ni mambo ya Wazungu. Kule Harare, daktari wa akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 na bibi 14, akawafunza kukaa kwenye benchi na kumsikiliza yeyote mwenye mawazo. Bibi watupu, Dada. Wao huita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema mawazo yamemzidi. Ni ugonjwa ule ule.

Sasa naomba ufanye hivi. Nenda hospitali ya rufaa ya Temeke, uulize kitengo cha afya ya akili, au uanzie kwa ofisa ustawi wa jamii. Wakiona inafaa watakupeleka Muhimbili. Najua unachoogopa. Ukisema ushauri nasaha, mtaa mzima utadhani umekwenda kupima virusi, kwa sababu huko ndiko tulikolijulia neno hilo. Na ukisema akili, watasema unapelekwa Mirembe, kwenye hospitali ya vichaa. Waache waseme. Kama Temeke kuna wanaokufahamu wengi, panda gari mpaka Mwananyamala. Daktari wa magonjwa ya akili anaweza kukupa dawa ikibidi. Mwanasaikolojia au mshauri, kazi yake ni mazungumzo. Muulize amesomea wapi. Muulize siri yako inakaa wapi. Muulize kama amewahi kusaidia mtu aliyemuuguza mzazi mpaka mwisho. Na kama baada ya mara tatu moyo haujafunguka, usifanye kosa nililofanya mimi la kudhani dawa haifanyi kazi. Badilisha mtu.

Mpwa wangu amekubali kukusindikiza Jumatano. Nauli na malipo nimeshatuma kwenye simu yake, usirudishe. Na yakikujia mawazo ya kutaka kumfuata Mama, hata kwa mbali, usisubiri Jumatano. Mwamshe Shemeji, nendeni usiku huo huo, na mimi nipigie saa yoyote, niko macho.

Chumba usikifungue kwa sababu yangu. Uji ukitaka kukoroga, koroga, ila umpe mtoto wa jirani anywe ungali moto.

Kuna jambo moja nalitamani, na si lazima sasa. Mimi sikumlaza mwanandani, lakini wewe ulimwosha. Hujawahi kulisema, hata siku ile kwenye simu. Ukiwa tayari, mwezi huu au mwakani, nisimulie. Nani alimimina maji, majani ya mkunazi mliyatoa wapi, uso wake ulikuwaje mlipomaliza. Mimi nitakuwa nasikiliza tu.

Wasalaam,
Mdogo wako