Kwa Somoe, kuhusu ile alama ya chini

Mitwero, Lindi

Mwanangu Somoe,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliusoma sokoni, nikaurudia nilipofika nyumbani, kwa sababu umeniandikia mambo mawili ukayafanya moja. Umesema lile dodoso la kupima haiba, yaani tabia ya mtu, mlilojaza darasani limekupa alama ya chini kabisa kwenye uchangamfu, na mhadhiri amewafundisha kwamba wachangamfu ndio wenye furaha zaidi. Mwishoni, kama vile unapita tu, ukaongeza kwamba usingizi hauji na moyo unakwenda mbio. Naanza na la alama, maana ndilo ulilolishikilia.

Mhadhiri wako hakukosea. Nilisoma saikolojia kidogo nilipokuwa chuo cha ualimu, mengine nimeyatafuta kwenye simu juzi kwa ajili yako. Mwaka 1980 Wamarekani wawili, Paul Costa na Robert McCrae, walionyesha kwamba watu wachangamfu huwa na hisia nzuri kwa wingi zaidi: bashasha, hamu ya mambo, kufurahia walichonacho. Tafiti nyingi zilizofuata zimekuta hivyohivyo. Ila matokeo yao yalikuwa na nusu ya pili. Huzuni, hofu na mahangaiko vilifuatana zaidi na upande mwingine kabisa wa haiba, ule wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Pande hizi mbili hupimwa kila mmoja peke yake: alama ya chini ya uchangamfu si alama ya juu ya wasiwasi.

Mtazame kaka yako Hamisi. Ni mpiga debe, nusu ya abiria wa Nachingwea wanaijua sauti yake kuliko wanavyolijua jina lake. Wakati wa lile deni la pikipiki ndiye aliyekuwa akikesha barazani kwangu, chakula hakimpiti kooni, na asubuhi anarudi stendi kuchekesha watu. Babu yako naye alikuwa anaweza kuvuka kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba, na kurudi bila kutoa neno zaidi ya salamu, na usingizi wake ulikuwa wa kuamshwa kwa mikono miwili.

Kuna jambo moja nalipenda kwa sababu ya limau. Hans Eysenck, Mjerumani aliyefanya kazi London, aliamini kwamba ubongo wa mtu mkimya uko macho zaidi tangu mwanzo, hivyo kelele na msongamano humjaa upesi. Mchangamfu huanzia chini, ndiyo maana anautafuta msisimko. Katika majaribio yake watu walidondoshewa maji ya limau ulimini, kisha mate yakapimwa. Wakimya walitoa mate mengi zaidi. Nadharia yenyewe imekosolewa sana tangu hapo, lakini nikikukumbuka ulivyokuwa ukikunja uso kwa embe bichi la chumvi, nacheka peke yangu.

Sasa, usije ukaniambia kwamba kwa kuwa uko hivyo basi unajifungia chumbani. Mwaka 2002 William Fleeson na wenzake waliwafuatilia wanafunzi, wakaona kwamba hata wakimya hujisikia vizuri zaidi katika zile saa wanazoongea na kujichanganya. Nami nakubali, nimekuona kwenye harusi za hapa mtaani. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Australia waliwaomba watu wajifanye wachangamfu wiki nzima. Waliokuwa na uchangamfu wa asili walinufaika. Wakimya wa kweli walipata faida ndogo, wakachoka, na wakajiona kama wanaigiza. Kwa hiyo nenda kwenye kikundi cha kujisomea, kaa na wenzako chakula cha jioni, kisha rudi ukapumzike bila kumwomba mtu radhi. Uongozi wa wanafunzi gombea kama unautaka wenyewe. Usiugombee ili dodoso lipande. Na shangazi zako wakikuita bubu, huo ni utani wa huku kwetu, wangemtania hata waziri.

Linalonisumbua mimi ni lile ulilolipitia haraka. Moyo kwenda mbio na kukosa usingizi si kazi ya ukimya. Umekuwa mkimya tangu unatambaa na ulikuwa ukilala kama kawaida. Mimi naona huo ni wasiwasi, una njia zake za kutibiwa, na hata ungepata alama ya juu kama ya Hamisi usingeondoka. Nataka uende kwa mshauri wa wanafunzi hapo chuoni wiki hii. Mwambie hali ilivyo. Ya uchangamfu yaache. Kama huoni pa kuanzia, msomee hiki kipande cha barua yangu. Na ile kahawa ya usiku wa kusoma ipunguze.

Nauli ya likizo nitaituma korosho zikishapita mnadani, bado hatujalipwa. Baba yako anakusalimu, anasema yeye alama yake ingekuwa chini ya yako.

Nijibu hili kwanza, hata kwa ujumbe mfupi: hali hiyo ya usingizi ilianza lini?

Mama yako