Barua kwa shoga yangu wa Tanga: kamati ikishavunjwa

Moshi,
Jumanne, 20 Januari 2026

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili: kwanza nikiwa nimesimama uani vijana wakisugua viti, halafu usiku nilipotulia. Sisi hatujambo, Mungu anasaidia. Ila pale ulipoandika kwamba siku hizi unapita njia ya nyuma usikutane na yule mama unayemdai, nilisikitika sana. Anayedaiwa ni yeye, na anayejificha ni wewe!

Pole kwa hiyo shilingi 640,000 ya viti vya harusi ambayo hujalipwa. Umeniuliza kama ni vibaya kumdai mtu mnayekaa naye mtaa mmoja na watoto wenu wanasoma madrasa moja. Si vibaya hata kidogo. Lakini ngoja nikusimulie yaliyonikuta mimi, kwa sababu sikuwahi kukwambia yote.

Desemba ya 2023 nilichukua harusi moja huku milimani. Desemba ya Moshi unaijua: watu wanapanda kutoka Dar, Arusha na Mwanza, kila ukoo una harusi, kipaimara au ubatizo, na sisi wa viti na turubai usingizi tunausikia kwa jirani. Kazi ilikuwa ya shilingi 1,450,000: viti 300 na kava zake, turubai 8, mapambo ya meza kuu, taa na jenereta. Wakanipa kianzio cha 400,000. Mweka hazina wa kamati ya harusi akaniambia, "Mama, ahadi za michango zipo za kutosha, wiki ya harusi tunamalizana." Nikamwamini, maana daftari la ahadi nililiona kwa macho yangu, majina yamejaa kurasa nne.

Ahadi si hela, shoga. Kamati inapanga bajeti kwa ahadi, lakini siku ya siku inalipa kwa fedha taslimu, na taslimu zikipungua anatafutwa yule asiyeweza kukataa. Ukumbi usipolipwa haufunguliwi. Mwenye vinywaji hashushi kreti hata moja. Mimi turubai zangu zilikuwa zimeshafungwa tangu Ijumaa, kwa hiyo nikawekwa mwisho. "Huyu ni mtu wetu, ataelewa." Neno hilo nilisikia mwenyewe.

Jumapili tulipokwenda kufungua, wakasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikapita. Halafu wakanipigia simu wanataka viti 40 vya vunja kamati, ile sherehe ya kamati kujipongeza na kuagana baada ya harusi. Nikapeleka, nikijua hapo ndipo watakaponikabidhi changu. Nilisimama pembeni ya jiko la nyama choma nikihesabu kreti za bia zinavyoshushwa, nami nadai 1,050,000. Walikula, wakacheza, wakapongezana, tukapakia viti vyetu gizani tukaondoka. Baada ya siku mbili nikampigia mwenyekiti, akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, kamati imeshavunjwa, ongea na bwana harusi." Bwana harusi alikuwa amesharudi Dar. Naye akasema hajawahi kukubaliana bei yoyote na mimi, waliokubaliana ni kamati.

Ndipo nilipoelewa kwamba namdai mtu ambaye hayupo. Kamati ya harusi haina nyumba wala shamba, haina mahali utakapokwenda kubisha hodi. Ile nyama ikishaliwa, na kamati nayo imekwisha.

Aliyenilipa ni mama wa bwana harusi. Alikuja mwezi wa tatu kwa daladala, akakaa kwenye moja ya viti vyangu, akafungua pindo la khanga na kutoa 200,000, noti za elfu kumi zilizokunjwa mpaka zimelainika kama kitambaa. Akaniomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Aliendelea kuleta kidogo kidogo hadi Agosti. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nami nililiona siku ile kwenye uso wa yule mama. Nilizipokea huku roho inaniuma, na bado nilikuwa nazihitaji. Wale vijana wangu wawili wa kufunga turubai walikuwa wamekula Krismasi kwa nusu malipo, na mmoja mke wake alikuwa ametoka kujifungua. Kwa hiyo tunapoona aibu kudai, tunaionea aibu mpaka hela ya wenzetu.

Tangu hapo karatasi yangu haina jina la kamati. Ina jina la mtu mmoja, bwana harusi mwenyewe au mzazi, na saini yake na namba yake ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Mwenyekiti na mweka hazina wanatia saini kama mashahidi tu. Nusu ya bei ndiyo inayoshika tarehe. Mpaka iingie, tarehe iko wazi na nawaambia hivyo bila kuzunguka. Nusu ya pili ni Jumatano ya wiki ya harusi, kabla gari halijapakiwa.

Usidhani ni rahisi. Mwaka jana kuna Ijumaa Canter ilikaa uani imeshapakiwa, viti vimefungwa kamba, dereva kasinzia kwenye usukani, mpaka saa moja na nusu usiku ujumbe wa M-Pesa ulipoingia. Tumbo lilikuwa linanikata. Mama wa bibi harusi alinipigia akilia, na mimi nikalia baada ya kukata simu. Lakini tulifunga turubai usiku uleule hadi saa tisa, harusi ikapendeza, na leo yule mama tukikutana sokoni tunashikana mikono.

Msibani sidai kianzio. Simu ya msiba ikilia gari linatoka, hesabu baadaye. Huko sijawahi kusumbuliwa, na hata ningesumbuliwa nisingebadili.

Sasa hilo deni lako. Harusi ilikuwa tarehe 20 Desemba, leo mwezi umetimia, na Januari hii kila nyumba inatafuta ada, sare na madaftari. Usitegemee 640,000 zote kwa mkupuo. Ukimwambia "nataka hela yangu yote leo", atakuahidi ili uondoke, kisha hatapokea simu. Nenda nyumbani kwake jioni, siku ya kazi, peke yako, na ile kaunta buku yako. Usiende siku ya shughuli, wala usiandike neno kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, maana ukishamwaibisha mbele ya watu hana tena sababu ya kukulipa. Mwonyeshe hesabu, viti vingapi, siku gani. Kisha muulize anaweza kuanza na kiasi gani na lini, halafu nyamaza. Najua wewe huwa hupendi kimya, utataka kumsaidia kwa kumpunguzia. Usimpunguzie hela, mwongezee muda.

Mimi ningempendekezea 160,000 kila Jumanne: 27 Januari, tarehe 3, 10 na 17 Februari. Aandike kwa mkono wake, atie saini, na kila akilipa fungu moja alipigie mstari mbele yako. Nimeishia tarehe 17 kwa makusudi. Jumatano ya Majivu ni 18 Februari, na Ramadhani nayo inatazamiwa kuandama siku hizohizo, kwa hiyo kwangu na kwako kazi zinakatika wiki moja. Mimi sina harusi ya kanisani mpaka Pasaka, 5 Aprili. Wewe huko Shaaban ndiyo inaingia, watu watakimbiza ndoa kabla ya mfungo, na utahitaji hela ya kushona kava na kulipa vijana. Asije mtu mwingine akakushika Shaaban kwa "ahadi zipo".

Nakutumia nakala ya karatasi yangu ya makubaliano kwa basi la kesho asubuhi, iko kwenye bahasha ya kaki pamoja na mfuko wa kahawa. Badilisha unavyotaka, ila mahali pa jina la mtu mmoja usipafute. Ukishatoka kwa huyo mama nipigie, hata kama ni usiku. Nitakuwa macho.

Wasalimie watoto na mzee wako.

Ni mimi shoga yako,
wa Majengo, Moshi