Hilo neno nice unalowakataza wanafunzi

Shoga angu, hujambo lakini? Na watoto? Voisi yako nimeisikiliza kwenye daladala, yani nimecheka mpaka konda kanitolea macho. Eti umepiga marufuku neno nice kwenye insha za kidato cha pili! Nakuelewa, safari nice, ticha nice, wali nice, hadi mvua nice, inachosha kwa kweli. Ila kabla hujakata maksi za mtu sikia lilikotoka, maana lilianza kama tusi.

Mzizi wake ni Kilatini, nescius, yani asiyejua. Scire ni kujua, humohumo ndo ilimotoka science, na hiyo ne ya mbele ni ya kukanusha kama ha- yetu. Kwenye Kifaransa cha zamani likawa nice, maana yake mjinga, zuzu. Sasa Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza 1066 Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, maneno yakamiminika, na hili nalo likaja kuingia mnamo 1300 hivi, kwa hiyo enzi hizo mtu ukimwambia yuko nice umemwita bwege.

Halafu likaanza kuhama. Kutoka ujinga likaenda kwenye haya na woga, kisha kwa mtu wa kuchaguachagua, yule ambaye chakula hiki hali na kiti kile hakalii, na mtu anayekagua kila kitu hivyo si ndo makini? Basi karne ya 16 likapata maana ya uangalifu, kitu kidogo kinachotaka jicho kali. Hiyo bado ipo, ukisikia msomi wa Kiingereza anasema a nice distinction usidhani anasifia, anamaanisha tofauti ndogo mno. Ile ya kupendeza imekuja nyuma kabisa, karne ya 18.

Na wala hujaanza wewe kulichukia! Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, kwenye kitabu chake Northanger Abbey kilichotoka mwishoni mwa 1817, yeye keshafariki mwezi wa saba, kuna kijana Henry Tilney anamcheka binti wa watu kwa kusema kitabu fulani ni nice kuliko vyote, anamuuliza kwa kejeli unamaanisha ni nadhifu, basi hiyo inategemea jalada. Anaendelea kumwambia ni neno la kufaa kila kitu, eti labda asili yake lilikuwa la unadhifu na ustaarabu tu. Yani mjuaji kabisa, na bado kakosea, asili yenyewe ni uzuzu! Hapo ndo nampendea Austen, sijui alifanya makusudi.

Mi ningekuwa wewe ningewaruhusu nice moja kwa insha, ya pili ndo ukate.

Silly ndo limekwenda kinyume, lilianza na maana ya mwenye heri, Wajerumani mpaka leo wana selig ya maana hiyohiyo, kwa Waingereza likashuka likawa wa kuhurumiwa, mnyonge, mwisho mpuuzi. Ukipata dakika nipigie nikumalizie, bando ninalo. Msalimie shem.